Soja wa Sufu

Cyril Odling hakuwahi kuwa askari hata siku moja, na jambo hilo lilimkera zaidi ya alivyokubali kusema. Alizaliwa mwanzoni mwa Novemba, mwaka uleule vita vikuu vya pili vilipoanza, na serikali ilipokuja kufuta utaratibu wa kuwachukua vijana jeshini kwa lazima, ilichora mstari wake mwishoni mwa Septemba. Waliozaliwa kabla ya mstari, kambini. Waliozaliwa baada yake, bakini kwa mama zenu. Cyril alipitwa kwa wiki tano. Mama yake alimshukuru Mungu kanisani, tena kwa sauti. Cyril, ambaye alikuwa ameshajizoeza kupiga saluti mbele ya kioo cha kabati, alishukuru kwa sauti ndogo zaidi.

Basi akawa mwashi. Siku ya tatu kazini, fundi wake, mzee Jessop, alimkabidhi mwiko na kumwambia, "Haya, nisimamishie soja kumi na wawili juu ya dirisha lile." Cyril akageuka kutazama barabarani, kuona kama wanakuja. Mzee Jessop alicheka mpaka sigara ikamdondoka kwenye ndoo ya udongo. Soja, kumbe, ni tofali lililosimamishwa wima, bega kwa bega na wenzake, kubeba uzito wa ukuta juu ya dirisha. Tangu siku hiyo mpaka magoti yalipomstaafisha, Cyril alisimamisha soja wa udongo katika nusu ya nyumba za Saltersby. Kwa hesabu yake, ambayo mkewe aliikataa, alikuwa ameacha nyuma yake jeshi kubwa kuliko la nchi kadhaa ndogo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutoroka.

Saltersby ni kijiji kilicholala kwenye ardhi bapa ya Lincolnshire, kati ya mifereji na mashamba ya kabichi. Mtu akianika shuka upande huu, upande wa pili wanajua lilitandikwa lini. Ndiyo maana siku Cyril alipotoka maktaba ya mjini akisukuma toroli la kazi lililojaa kamusi, juzuu kumi na mbili zilizouzwa kwa bei ya kutupwa, habari zilifika nyumbani kabla yake. Noreen, mkewe, alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Niliambiwa umenunua viazi," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Glenys kakuona darajani. Kasema magunia. Hivyo ni vitabu, Cyril."

"Ni maneno."

"Maneno unayo tayari. Huyatumii tu."

Kamusi zikawekwa kwenye banda la bustani, kati ya mbolea na mashine ya kukatia majani, na humo Cyril akapata ujana wa pili. Neno la kwanza alilolitafuta lilikuwa lile la mzee Jessop, soja. Alidhani litakuwa na mistari mitatu. Likamchukua wiki nzima. Neno lilikuwa limetembea, limekula vya watu, limebadilisha nguo, limelewa bandarini, limeokoka, limerudi nyumbani na kukaa kwenye sahani ya mtoto karibu na yai. Cyril alisoma huku mvua ikigonga bati, na kila alipoinua macho kuona mashamba yaliyolowa yakienda mpaka upeo wa macho, alihisi kwamba hata yeye, mtu wa wiki tano, alikuwa na sehemu humo ndani.

Noreen alikuwa na vita vyake. Kila mwezi Chama cha Wanawake wa Saltersby kilikutana kwenye ukumbi wa kijiji saa nane mchana. Waliimba wimbo wao wakiwa wamesimama, walisoma kumbukumbu za mkutano uliopita, walimsikiliza mgeni akizungumza juu ya bundi au makaburi au safari yake ya Peru, kisha walikunywa chai. Na mezani, kando ya madirisha, palikuwa na mashindano: mwezi huu skonzi tatu, mwezi ujao jamu, mwezi mwingine kitu cha kufuma. Miaka thelathini na mmoja Noreen aliingia kila shindano. Alishika nafasi ya pili mara kumi na tisa. Ya kwanza hakuishika hata mara moja. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Daphne Sowerby, mwenyekiti, mke wa Kapteni Sowerby mstaafu, mwanamke ambaye hata mawaridi yake yalichanua kwa mpangilio.

Sasa vidole vya Noreen vilianza kuvimba kwenye maungio. Asubuhi hakuweza kufungua chupa ya maziwa. Daktari alimpa vidonge na kumshauri kupumzisha mikono. Hakumwambia mtu, ila Cyril, na hata kwake alisema akiwa amempa mgongo, akiosha vyombo.

"Kuna kimoja cha kufuma mwezi wa Aprili. Nikimaliza hicho, sindano naziweka."

"Kabisa?"

"Kabisa. Kwa hiyo Aprili nashinda. Nataka Daphne apige makofi kwa ajili yangu mara moja tu kabla sijafa. Makofi ya kweli, siyo yale yake ya ncha za vidole."

Wiki tatu kabla ya Aprili, bundi akaugua. Bwana wa bundi, ambaye ndiye angekuwa mgeni wa mwezi huo, alipiga simu kusema hataweza kuja bila bundi, na Bi Sowerby naye akapiga simu kwa Odling.

"Bwana Odling, nasikia una mambo mengi kuhusu maneno."

"Moja nalijua vizuri, Bi Sowerby."

"Lipi?"

"Soja."

Mume wa Bi Sowerby alikuwa na miaka ishirini na miwili jeshini, na picha zake zilijaa ngazi nzima ya nyumba. "Linafaa," akasema. "Dakika thelathini. Na shindano tutalibadilisha liendane na mada: kikofia cha sufu cha kufunika yai la kuchemsha lisipoe, katika umbo la soja. Na bila shaka unajua utaratibu wetu. Mzungumzaji ndiye mwamuzi."

Cyril aliweka simu chini polepole sana. Noreen alikuwa amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo, amesikia kila kitu.

"Mzungumzaji ndiye mwamuzi," akasema.

"Naweza kumpigia nikamwambia nina mafua."

"Utazungumza. Na utaamua. Kwa haki." Alimsogelea. "Nisikilize, Cyril Odling. Kazi zinawekwa mezani bila majina, namba tu. Yangu hutaiona mpaka siku hiyo. Ukinichagua kwa sababu ni mimi, kijiji kizima kitajua kabla chai haijamiminwa, na mimi nitajua kabla yao, na utalala bandani na kamusi zako."

"Na nisipokuchagua?"

Noreen alifikiri. "Utalala bandani vilevile. Lakini nitakuletea blanketi."

Kuanzia siku hiyo alifuma kwenye chumba cha kufulia, mlango umefungwa kwa komeo. Cyril alisikia sindano zikigongana, kisha kunyamaza, kisha kugongana tena, na kile kimya cha katikati kilikuwa kinarefuka kila siku. Alijua maana ya kimya kile. Alikaa upande wa pili wa ukuta, ukuta alioujenga mwenyewe, na kumwombea mkewe kwa namna ya mtu asiyekwenda kanisani, yaani kwa kukunja ngumi.

Sasa, mtu mwaminifu angeishia hapo. Cyril alikuwa mwaminifu kwa matofali. Kwa watu alikuwa na nafasi ya kujadiliana. Aliwaza hivi: haki ni kuchagua kazi iliyo bora. Noreen ndiye mfumaji bora Saltersby; mishono yake imenyooka kama safu za matofali yangu. Kwa hiyo kazi bora ni ya Noreen. Kwa hiyo nikijua ipi ni ya Noreen, nitakuwa nimejua ipi ni bora, na hapo haki itakuwa imetendeka, tena bila kupoteza muda. Aliirudia hesabu hii mara kadhaa bandani na hakuona kosa.

Akaanza upekuzi. Alichungulia tundu la ufunguo, akakuta limezibwa kwa karatasi. Alijitolea kupeleka nguo chumba cha kufulia. Akaambiwa aziache mlangoni. Jumanne, siku ya kutoa takataka, alifungua pipa la jikoni, na humo, chini ya maganda ya viazi, akaona vipande vya uzi wa sufu. Vya kijani, kijani cha majani mabichi. Alivichukua, akavifuta kwa suruali, akavitia mfukoni akipiga mluzi. Noreen alimsikia kutoka dirishani akapiga mluzi naye, wimbo uleule, lakini Cyril hakulitilia maanani.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wanawake thelathini na watano na harufu ya nta ya sakafu. Waliimba wimbo wao, wakasikiliza kumbukumbu zikisomwa na Glenys, katibu, jirani wa Odling na mwenye macho ya darajani. Kisha Bi Sowerby akasimama.

"Leo tulikuwa tuwe na bundi," akasema. "Badala yake tuna Bwana Odling."

Cyril alikuwa amevaa suti yake ya mazishi. Alianza vibaya, macho yamekwama kwenye karatasi, mpaka mwanamke mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Sauti, mzee! Huku nyuma tunasikia tu koo!" Wakacheka, naye akacheka, akaikunja karatasi.

"Neno hili," akasema, "lina sarafu tumboni. Warumi walikuwa na sarafu ya dhahabu waliyoiita nzito, imara. Wafaransa wakalichukua jina la sarafu wakalifanya mshahara. Na aliyepokea mshahara kwa kupigana, huyo ndiye akawa soja. Kwa hiyo tukiuliza soja ni nani tangu mwanzo, si shujaa. Shujaa anaweza kupigana bure. Soja ni mtu anayejua tarehe ya malipo."

Bi Sowerby alitabasamu. Kijiji kizima kilijua kwamba Kapteni Sowerby alimaliza miaka yake yote ishirini na miwili katika ofisi ya malipo ya jeshi, na kwamba watu wabaya walimcheka kwa hilo. "Nitamwambia mume wangu," akasema. "Kumbe wengine wote walikuwa wasaidizi wake."

"Ndiyo, Bi Sowerby. Lakini subiri, mabaharia hawakukubali. Askari waliopakiwa melini hawakupanda kamba, hawakuosha sitaha. Walilala na kutapika. Basi baharia akimwona mwenzake anakwepa kazi, alisema huyo anafanya usoja."

"Huyo ni mume wangu!" yule wa nyuma akapiga kelele.

"Na samaki aliyekaushwa kwa moshi, mwekundu, mgumu, kavu kabisa, wakamwita soja."

"Huyo pia!"

Hapo Cyril akapata moto. Akawapa siafu mwenye kichwa kikubwa anayelinda shimo. Akawapa chupa tupu inayoitwa soja aliyekufa. Akawapa wale wa jeshi la dini wanaopiga tarumbeta mitaani na kuwalisha supu walevi, ambao nao kila mmoja wao ni soja. Akawapa vipande vyembamba vya mkate uliobanikwa, vinavyosimamishwa sahanini na kuchovywa kwenye kiini cha yai, na wanawake wakaitikia kwa vichwa kwa upendo, kwa sababu hakuna aliyekuwa mle ambaye hakulelewa na soja hao na hakulea nao. Akawapa tofali lake, wima juu ya dirisha.

"Na mwisho," akasema, na sauti ikamshuka bila kutaka, "lugha yetu ilipomaliza kumtukana huyu mtu kuwa mvivu, ikageuka ikamfanya kitendo. Mtu anapoendelea ingawa hataki, ingawa anaumia, ingawa hakuna anayemtazama, tunasema anasonga kisoja. Mkwepaji na mvumilivu, neno ni moja. Nilikuwa nikidhani kamusi imechanganyikiwa. Sasa naona imewajua watu."

Hakumtazama Noreen aliposema hivyo. Noreen ndiye aliyemtazama, kisha akatazama mikono yake mapajani.

Walipiga makofi vizuri. Bi Sowerby akampeleka mezani na kumpa kadi tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja na maneno yaliyochapwa chini: Uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho. Wanawake wakageuza viti upande mwingine, kama desturi ilivyotaka, ili uso wa mtu usimsaidie mwamuzi. Ni migongo tu iliyobaki, na masikio.

Soja walikuwa kumi na wanne, kila mmoja amevishwa juu ya yai, kila mmoja na namba. Kumi na watatu walikuwa wekundu, kama askari wa zamani wa walinzi wa mfalme. Mmoja, namba nne, alikuwa wa kijani.

Ndiye huyo, Cyril akawaza. Alimsogelea. Soja wa kijani alisimama wima, mishono imebana, vifungo vya shaba vimepangwa kwa rula, mkanda umekaa, masharubu yamechanwa. Hakuwa na kosa. Cyril alimwangalia akisubiri kupenda, na hakupenda. Aliona kama anakaguliwa yeye. Lakini alijiambia, ndiyo ufundi huo, Noreen amebana kwa hasira.

Kwa ajili ya heshima akapita kwa wengine. Namba mbili alikuwa na macho ya kutisha. Namba sita alikuwa na kichwa cha siafu bila kukusudia. Kisha akafika kwa namba tisa, na kabla hajajizuia, akacheka. Migongo thelathini na mitano ikatikisika.

Namba tisa alikuwa amelala akiwa amesimama. Kofia yake ndefu ilikuwa imemwangukia puani, soksi moja imeshuka, mdomo uko wazi kidogo, na mwili wote umeegemea upande kama mtu aliyelinda mlango usiku kucha na asubuhi ikachelewa. Alikuwa mvivu na alikuwa mwaminifu, vyote viwili. Cyril alihisi kwamba angemkuta mtu huyu njiani angempa kiti. Alimwinua. Mishono ilikuwa mahali pengine mikubwa, mahali pengine midogo, mahali pengine imerudiwa. Mwanafunzi, akawaza kwa huzuni. Mtu mwenye roho lakini asiye na mkono. Noreen hawezi kufuma hivi. Akamrudisha juu ya yai lake na kumweka sawa soksi, kisha akaivuta chini tena kama ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa bora vile.

Akaweka kadi ya kwanza mbele ya namba nne. Ya pili akampa namba tisa. Ya tatu akampa yeyote.

"Tayari," akasema.

Viti vikageuzwa. Glenys alikuja na daftari lenye majina, akaanza kutoka chini kama ilivyo kawaida. "Ya tatu, namba kumi na mbili, Bi Pauline Theaker." Makofi. "Ya pili, namba tisa." Akatazama daftari, akatazama tena. "Bi Noreen Odling."

Makofi yalikuwa ya upole, ya watu waliozoea. Cyril hakuyasikia. Alikuwa amebaki mdomo wazi kama yule soja mwenyewe.

"Ya kwanza, namba nne, Bi Daphne Sowerby."

"Jamani!" akasema Bi Sowerby, kama asemavyo kila mara. "Wote wamefuma wekundu, nikajiuliza kwa nini. Mume wangu amevaa kijani miaka ishirini na miwili."

Cyril alimtafuta mkewe. Alitegemea kumwona amekasirika. Hasira za Noreen alizijua, alikuwa na njia zake humo. Lakini Noreen hakuwa na hasira. Alikuwa anatabasamu na kupiga makofi, polepole kwa sababu ya vidole, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichotulia kama taa iliyozimwa kwa heshima. Aliamini. Aliamini kwamba mumewe alimwangalia soja wake kwa haki, akamwona, na akaona yuko mwingine bora. Mara ya ishirini sasa, na ya mwisho, na safari hii hakuna hata wa kumlaumu.

Kukaa kimya kungekuwa rahisi. Chai ilikuwa tayari kwenye buli. Cyril aliwaza hayo yote, na wakati anawaza mguu wake ukawa umeshapiga hatua.

"Bi Mwenyekiti," akasema. "Nimeiba."

Glenys alifungua ukurasa mpya.

"Umeiba nini, Bwana Odling?" akauliza Bi Sowerby.

"Shindano. Sikuamua kwa macho. Nilikuta uzi wa kijani kwenye pipa letu la takataka, nikajua mke wangu anafuma kijani. Nikaja hapa nikamtafuta wa kijani nikampa kadi. Nilidhani nampa Noreen."

Mtu wa nyuma akasema, "Eeh, Mungu wangu," kwa furaha kubwa.

"Uliingia kwenye takataka?" Glenys akauliza, kalamu imeinuliwa.

"Niliingia."

Bi Sowerby alikuwa amenyooka kama kazi yake. "Unataka kusema soja wangu hakuwa bora?"

"Vifungo vyake ni vizuri sana, Bi Sowerby."

"Sikuuliza vifungo."

Cyril alivuta pumzi. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko wale kumi na watatu. "Namba tisa alikuwa bora kuliko wote. Nilicheka, mlinisikia. Nilitaka kumpa ya kwanza, nikajizuia, kwa sababu mishono yake si ya Noreen ninayemjua mimi. Sikufikiria..." Akaangalia chini. "Sikufikiria kwamba siku hizi anafuma kwa maumivu. Ningeamua kwa haki, angeshinda kwa haki. Basi. Hayo tu."

Ndipo Noreen alipoanza kucheka. Alianza ndani, mabega kwanza, kisha akalazimika kushika kiti cha mbele.

"Ule uzi," akasema, alipoweza. "Ule uzi niliuweka mimi. Nilimjua atapekua. Huyu hawezi kuona pipa lenye siri akapita. Nikasema soja wote watakuwa wekundu, hilo halina shaka, basi nikaweka kijani pipani ili amtafute wa kijani, amkose, abaki hana njia ila kutumia macho." Akamgeukia Bi Sowerby. "Sikujua utafuma kijani, shoga. Miaka thelathini na mmoja hujawahi kufanya kitu tofauti na wenzako, ukachagua leo!"

Ukumbi ukalipuka. Pauline Theaker alitoa leso. Yule wa nyuma alikuwa amelala juu ya jirani yake. Hata Bi Sowerby mdomo ulimcheza pembeni, akauzuia kwa nguvu za mwenyekiti.

Kisha pakawa na hoja. Wengine walisema kadi zibadilishwe hapo hapo. Wengine walisema shindano lirudiwe Mei, na mwamuzi awe bundi. Noreen mwenyewe alisimama. "Kadi imeandikwa uamuzi wa mwamuzi ni wa mwisho," akasema. "Haikuandikwa uamuzi wa mwamuzi mwenye akili. Iache ilivyo."

Bi Sowerby aliichukua kadi ya kwanza, akaitazama, na kwa muda mfupi kila mtu aliamini atafanya jambo kubwa la kusimuliwa. Akaitia kwenye mkoba, akaufunga. "Kanuni ni kanuni," akasema. "Hata hivyo naleta hoja. Bwana Cyril Odling asiruhusiwe tena kuamua shindano lolote la chama hiki, liwe la kuokwa, la kufumwa, la kupandwa au la kuchemshwa, maisha yake yote. Anayeunga mkono?"

Mikono yote thelathini na mitano ikapanda. Ule wa Noreen ulipanda wa kwanza na ukawa wa mwisho kushuka. Glenys aliandika, akapiga mstari chini ya neno takataka.

Wakati wa chai wanawake walizunguka meza, na hakuna aliyemgusa soja wa kijani. Walipokezana namba tisa mkono kwa mkono, wakamlaza viganjani, wakamwuliza Noreen amepata wapi mchoro. Hakuna mchoro, akasema. Kofia ilimwangukia puani siku ambayo vidole viligoma, na alipomwona amelala hivyo hakuwa na moyo wa kumwamsha. Bi Sowerby alimshika naye, kwa ncha za vidole, akamgeuza, akasoma mshono mmoja mmoja. "Soksi," akasema hatimaye, kwa sauti isiyo ya mwenyekiti. "Hiyo soksi." Akamrudisha na kwenda kukata keki.

Cyril alikuwa amejificha na kikombe chake nyuma ya mlango wa jikoni. Noreen akamfuata hukohuko.

"Rudia," akasema.

"Nini? Kwamba niliiba?"

"Baada ya hapo."

"Kwamba nilipekua takataka?"

"Cyril."

Akatazama kikombe. "Namba tisa alikuwa bora kuliko wote."

"Hata yule wa kijani?"

"Kwa mbali."

Noreen alinywa chai kidogo, akatazama ukumbini, akamvuta mumewe kwa kola ya suti ya mazishi mpaka wote wawili wakasimama mlangoni.

"Sauti basi," akasema. "Daphne yuko kule kwenye keki, hasikii."